Banda la mpira la Mwanga, Kigoma: tathmini ya siku tuliyofungwa matano

Watu wanaohamia Kigoma huniuliza mara kwa mara ni wapi pazuri pa kutazama mpira, na jibu langu kwa misimu kadhaa limekuwa banda moja la mbao na mabati lililopo Mwanga, ambalo mimi ni mteja wake wa kudumu. Nimechelewa kuliandika kwa sababu banda likiwa na furaha kila kilichomo huonekana kizuri, hata benchi lenye msumari uliochomoza. Nimeona ni haki nilipime kwa siku ngumu kuliko zote nilizowahi kukaa humo, yaani Jumapili ya Novemba 5, 2023, siku ambayo Simba yangu ilifungwa na Yanga mabao 5-1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Jina la banda naliacha, kwa kuwa ndani ya maelezo haya yamo malalamiko ambayo nilikwisha kumfikishia mwenye banda ana kwa ana.

Banda lenyewe ni la wastani kwa ukubwa. Mbele kuna kitambaa cheupe kilichovutwa vizuri bila mikunjo, projekta imefungwa juu ya mhimili ili asitokee mtu wa kupita mbele ya mwanga wake, na spika mbili zimewekwa pembeni kwa urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama. Picha ni safi. Namba ya mchezaji inasomeka hata kutoka benchi la nyuma, jambo ambalo katika mabanda mengine ya mjini kwetu si la kutegemea. Kiingilio cha mechi ya kawaida ni shilingi 500, na cha mechi ya watani, yaani Simba na Yanga, ni shilingi 1,000. Jenereta lipo nyuma ya banda, limejazwa mafuta kabla ya mechi, na katika miezi ile ambayo nchi ilikuwa na mgao wa umeme, hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu alipite banda jirani na kuja hapa. Kasoro kubwa ya jengo ni kwamba lina mlango mmoja tu. Nitaurudia mlango huo.

Tulifika saa tisa kwa mechi ya saa kumi na moja jioni, na tayari mabenchi sita ya mbele yalikuwa yamejaa. Ni lazima nieleze hali tuliyoingia nayo, kwa maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa banda lilibeba mzigo gani baadaye. Mwezi Agosti mwaka huohuo tulikuwa tumeichukua Ngao ya Jamii mbele ya Yanga kule Mkwakwani, Tanga, kwa mikwaju ya penati baada ya sare ya bila kufungana. Sisi wa Kigoma, zaidi ya hayo, tunalo kumbukumbu letu la pekee: Julai 25, 2021 watani hawa walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapahapa, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, na Taddeo Lwanga akatupatia kwa kichwa bao lililotosha. Karibu kila shabiki wa Simba aliyekuwa bandani siku ile ya Novemba alikuwa na simulizi ya fainali hiyo, ama aliiona mwenyewe kutoka jukwaani, ama alisikia kelele zake akiwa nyumbani. Tuliingia na jezi nyekundu, tukalipa bila kulalamikia bei.

Mwenye banda, mzee wa makamo anayeheshimiwa na rika zote, hagawi mabenchi kwa timu. Nimewahi kusikia watu wakimlaumu kwa hilo, wakitaka Simba wakae kushoto na Yanga kulia, lakini mimi nauunga mkono uamuzi wake. Mtu aliyeketi bega kwa bega na mtani wake, ambaye amemnunulia kahawa kabla ya mpira kuanza, huwa mzito kumrushia tusi. Kwa upande wa chakula hakuna mengi: mama mmoja anauza kahawa, karanga na mihogo ya kukaanga nje ya mlango, bei zake ni za kawaida, na kahawa yake ni nzuri.

Dakika ya tatu tu Kennedy Musonda alitufunga. Kibu Denis akasawazisha dakika ya tisa, na banda likatetemeka kiasi kwamba vumbi lilianguka kutoka kwenye mabati. Tulikwenda mapumziko tukiwa 1-1, na nakumbuka wakati ule hakuna aliyelalamikia joto, ingawa tulikuwa tumebanana kupita kiasi. Hapa nina neno la kwanza la lawama. Idadi ya watu walioruhusiwa kuingia ilizidi mabenchi kwa mbali, na waliosimama nyuma waliuziba mlango wote. Banda linalotoza shilingi 1,000 linapaswa kujua lina nafasi ngapi na kufunga mauzo zinapokwisha.

Kipindi cha pili ndicho kilichotuvunja. Max Nzengeli alifunga dakika ya 64, Stephane Aziz Ki akafuata dakika ya 73, na kabla hatujakaa vizuri Nzengeli akarudi tena dakika ya 77. Uchungu wa kipigo cha namna hii hauji kwa mkupuo. Unaanza na hasira kwa beki aliyepotezwa, unahamia kwa kocha, kisha unafika mahali mtu hamlaumu yeyote, anatazama tu mikono yake. Mbele yangu alikuwapo baba mmoja na mwanawe wa miaka kama tisa, wote wamevaa jezi, na baada ya bao la nne yule mtoto aliuliza, "Baba, tunaweza kurudisha?" Baba yake alimkumbatia begani na hakujibu. Nilimheshimu kwa kutomdanganya mtoto.

Kuna jambo moja la huduma ambalo wenye mabanda wengi hawalifikirii, nalo ni redio. Matangazo ya redio huwahi kuliko picha ya king'amuzi kwa sekunde kadhaa, na nje ya banda hili kuna kijiwe cha bodaboda ambacho vijana wake husikiliza redio kwa sauti ya juu. Siku ya ushindi hilo huharibu utamu kidogo. Siku ya kipigo ni adhabu, maana kila shangwe la nje lilitufikia kabla ya bao lenyewe, tukawa tunatazama mpira ukiwa bado katikati ya uwanja huku tukijua tayari mwisho wake. Penati ya dakika ya 87 ya Pacome Zouzoua, iliyokamilisha mkono, tuliisikia nje imeingia wakati kwenye kitambaa chetu mpigaji alikuwa bado anausogelea mpira. Kaka mmoja pembeni yangu aliinamisha kichwa na hakuitazama kabisa.

Sasa nije kwenye lalamiko langu kubwa, ambalo lingetosha kunihamisha banda kama halikushughulikiwa. Rimoti ya king'amuzi na vitufe vya spika vilikuwa mikononi mwa kijana msaidizi ambaye ni shabiki wa Yanga. Hadi bao la pili alifanya kazi yake kwa haki. Baada ya bao la tatu alipandisha sauti, na baada ya la nne akaipandisha hadi spika zikaanza kukwaruza, na kila marudio ya bao yalipooneshwa alisimama mbele akituelekezea vidole vinne na baadaye vitano. Utani ni wa mashabiki, na mtani aliyelipa kiingilio ana haki ya kututania mpaka koo limkauke. Sisi nasi tulilifanya hilo miaka mingi kwa zile 5-0 za Mei 6, 2012. Mhudumu aliyeshika rimoti hana haki hiyo. Yeye yuko pale kwa niaba ya wote waliolipa, na sauti ya spika haipaswi kuwa silaha ya upande mmoja. Chupa ya maji ilirushwa kuelekea alipokuwa, ikapita karibu kabisa na projekta, na mabenchi mawili ya nyuma yakaanguka kwa watu kuinuka kwa pamoja.

Alichofanya mwenye banda baada ya hapo ndicho kinachonifanya nilipendekeze banda lake. Alipita katikati ya watu, akaichukua rimoti kutoka kwa kijana, akashusha sauti hadi kiwango cha kawaida, na hakuzima picha. Nasisitiza kwamba hakuizima, kwa sababu katika banda jingine la mjini, miaka michache nyuma, nilimshuhudia mwenye banda akizima mitambo kabla ya filimbi ya mwisho kwa kuwa timu yake ilikuwa imezidiwa, na nusu ya wateja wakarudi nyumbani bila kuona walichokilipia. Vijana watatu wa kwetu walimwendea wakiwa wamepandwa na hasira, mmoja akamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini turudishie hela zetu, hatuwezi kulipa kuja kudhalilishwa." Aliitikia marahaba, akawaambia kwa sauti ya chini, "Wanangu, kwa picha nimewapa mliyoilipia. Kwa yale ya huyu kijana wangu mna haki, na nitalimaliza leo." Hakuna fedha iliyorudishwa, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi.

Filimbi ya mwisho ilipolia alisimama mlangoni na kutoa utaratibu ambao sijauona kwingine. Aliwaomba mashabiki wa Yanga wabaki ndani, akawaachia sauti ya mahojiano ya baada ya mechi na ruhusa ya kuimba watakavyo, kisha akawatoa kwanza waliokuja na watoto, wakafuatiwa na akina mama, halafu sisi wengine wa Simba kidogo kidogo. Kwa mlango ule mmoja na idadi ile ya watu, msukumano wa pande mbili ungeumiza mtu. Tulitoka kimya tukielekea barabara ya sokoni, na tulipokuwa tumefika mbali ndipo tulisikia banda likilipuka kwa nyimbo. Walitupa nafasi ya kuondoka na heshima yetu, nami nimewashukuru baadhi yao kwa hilo baadaye.

Huduma ya banda kama hili haikomi mechi inapokwisha. Kesho yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika 5-1 kwa mkaa, kwa tarakimu kubwa, kwenye ukuta wa nje, na kabla ya saa nne asubuhi mwenye banda alikuwa ameziosha. Jioni aliacha mlango wazi bila kiingilio, mabenchi yakageuka baraza, na watu walikuja kusema yaliyowakaa moyoni: wengine walimlaumu kocha Roberto Oliveira kwa timu ilivyokatika baada ya mapumziko, wengine walisema Yanga ya Miguel Gamondi ilikuwa bora siku ile na hapakuwa na la zaidi. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, na sikupendwa kwa hilo. Habari ya Simba kuachana na Oliveira ilipotoka siku ya Jumanne, Novemba 7, wengi waliisikia wakiwa wamekaa humo humo. Baba wa yule mtoto alikuwapo pia, akiwa peke yake, na alisema mwanawe alikataa kuvaa jezi kwenda kucheza. Wiki kadhaa zilipita kabla sijamwona tena mtoto yule katika nyekundu.

Nilitaka kuona kama ahadi ya mzee ingeshikwa, hivyo nikarudi kwa mechi ya marudiano ya Aprili 20, 2024. Tulifungwa tena, 2-1, lakini tathmini yangu ya huduma ni tofauti kabisa. Rimoti ilikuwa mikononi mwa mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti haikubadilika kwa bao lolote, kuanzia penati ya Aziz Ki hadi lile la kufutia machozi la Freddy Michael. Kiingilio kilifungwa watu walipojaza mabenchi, na waliochelewa walirudishwa mlangoni kwa upole. Kijana msaidizi bado yupo kazini, sasa akisimamia jenereta, na alitusalimia vizuri. Vijana wa bodaboda nao waliombwa wapunguze redio. Walipunguza kwa muda, ingawa katika dakika za mwisho walijisahau.

Kwa anayetaka kwenda, siku ambazo Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, wanacheza nyumbani banda huwa na nafasi tele kwa kuwa watu wako uwanjani. Kwa mechi ya watani fika saa mbili kabla ya mpira kuanza, kaa benchi la nne au la tano upande wa kushoto, mbali na spika, na kama una mtoto mwambie mzee mapema, atakuweka karibu na mlango. Suala la mlango wa pili nilimweleza tena mwezi huo wa Aprili. Alinipeleka ukuta wa nyuma akanionesha mahali alipochora kwa chaki, kati ya nguzo ya tatu na ya nne, na mbao za fremu zikiwa zimeegemezwa chini yake. Fundi, alisema, anangoja bawaba.