DMSO-d6 ya chupa: kiyeyushi nakipa nyota tano, kizibo nyota mbili

Nilinunua chupa hii ya DMSO-d6 (kiyeyushi cha DMSO ambacho hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa hidrojeni nzito ili zisifunike kipimo) kwa kazi moja tu: kuangalia kwa mashine ya NMR, inayoonyesha hidrojeni za molekuli kama mistari, kama asidi ya benzoiki itampa trietilamini protoni yake. Kwenye maji hilo si swali. Asidi ina pKa ya 4.2 (namba ikiwa ndogo, protoni inaachiwa kwa urahisi zaidi), amini iliyokwisha kupokea protoni ina kama 10.7, kwa hiyo protoni inahama na zinabaki ioni mbili. Nilipojaribu kwenye maji mazito, mstari wa CH2 wa amini (hidrojeni zilizo jirani na nitrojeni) ulikwenda kukaa karibu na 3.2 ppm kwenye mizani ya NMR, makao ya amini yenye chaji.

Ndani ya DMSO, asidi ileile na besi ileile, kwa vipimo vilevile, protoni iligoma. Mstari huo hukaa 2.43 amini ikiwa peke yake, na safari hii ulisogea kidogo tu. (Unabanana pia na mstari wa kiyeyushi chenyewe, 2.50, inakera macho.) Nilidhani nimekosea kwenye mizani. Nikarudia, jibu likawa hilohilo. Kufungua majedwali, nakuta kwenye DMSO pKa ya asidi ya benzoiki inapanda hadi 11.1, na ile amini yenye chaji inashuka hadi kama 9. Wa kutoa na wa kupokea wamebadilishana nguvu.

Kisa ni ioni hasi. Maji huizunguka benzoati na kuishika kwa bondi za hidrojeni, ikatulia. DMSO haina hidrojeni ya kumpa mtu. Oksijeni yake inahudumia chaji chanya vizuri sana, lakini ioni hasi inaachwa uchi, na asidi ikiona hivyo haina haraka ya kuachia protoni. Inafunga bondi ya hidrojeni na amini, mambo yanaishia hapo. Amini haikuyumba sana kwa kuwa yenyewe ikitoa protoni haizai chaji mpya, inaihamisha tu. Na wanaotupia kila kitu kwenye dielektriki (uwezo wa kiyeyushi kudhoofisha mvutano wa chaji) watazame namba: maji 78, DMSO karibu 47. Pengo hilo peke yake halitoshi kuitoa pKa ya asidi nyingine, ya asetiki, kutoka 4.76 hadi 12.3.

Kwa hilo kiyeyushi kimenifanyia kazi kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni kizibo. Kila nikifungua chupa, mstari wa maji pale 3.33 unarefuka, na kufika wiki ya tatu ulikuwa mrefu kuliko wa amini. DMSO inanyonya unyevu wa hewani kama sponji, kila mtu anajua, ndiyo maana kizibo kinachocheza kwenye skurubu hakisameheki. Maji hayo hayakai bure: yanaifuata benzoati, na vipimo vyangu vikaanza kuhama siku hadi siku. Niliwaandikia wauzaji. Wakajibu nikaze zaidi.

Mengine ni madogo. Inaganda kwenye nyuzi 20 hivi, kwa hiyo usiiweke kwenye friji halafu ushangae. Glavu usivue, maana inapenya ngozi na kubeba ilichoyeyusha.

Sasa nimeagiza ampuli za mililita 0.75, navunja moja kwa kila kipimo.