Kumpumzisha mbwa nyumbani: uzoefu wangu na hii huduma

Naandika kwa sababu wakati natafuta mtu anieleze hii huduma ya dokta wa wanyama kuja nyumbani kumchoma mbwa mgonjwa sindano afe bila maumivu inakuwaje sikumpata, kila niliyemuuliza ananiambia tu pole, nenda kwa dokta. Haya mi nimeshapita huko, nasema yote mazuri na mabaya, jina la kliniki naliacha.

Bobi wetu alikuwa jibwa kubwa haswa, akaanza kuchechemea mguu wa mbele, tukajua kateguka tu, kupigwa eksirei ikaonekana ni saratani ya mfupa, juu kidogo ya kifundo. Dokta akasema kwa mbwa wenye miili mikubwa ugonjwa huu unapenda sana kukaa hapo hapo, na mara nyingi mpaka unauona kwenye picha ushatuma mbegu zake kwenye mapafu. Njia zilikuwa mbili, kukata mguu na kumwekea dawa za saratani, au kumtunza asiumie mpaka siku yake ifike. Kwa umri wake na nyonga zilivyokuwa zimechoka tukachagua ya pili.

Na hapa ndo nataka watu waelewe, maana wengi wanadhani huduma yenyewe ni ile sindano. Sindano ni kipande kidogo cha mwisho kabisa, hela yangu mi naona ilienda kwenye maongezi. Dokta alikaa na sisi, akatuandikia dawa ya maumivu ya mbwa pamoja na gabapentini, nayo ya kutuliza maumivu, akatwambia kabisa siku za mwanzo atayumbayumba kama mlevi msishtuke, na akanionya kabla hata sijauliza nisije nikachukua ibuprofeni yangu nikampa, inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na kwa vile tuna paka pia akasema parasetamo kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kuna watu wanafanya hivi kwa huruma jamani, anaona mnyama anaumia anampa alichonacho kabatini.

Alafu akatupa karatasi ya alama. Ilitungwa na dokta mmoja wa wanyama wa Marekani anaitwa Alice Villalobos, ina vitu saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri bado zinazidi mbaya. Kila kimoja unatoa alama 0 mpaka 10, jumla ikizidi 35 maana yake maisha yake bado yanavumilika. Tulikuwa tunajaza mi na mume wangu kila mtu kivyake, hapo ndo vituko, yeye kwenye furaha anaandika 9 kila siku kwa sababu akiingia tu getini Bobi anapiga mkia chini, lakini mi ndo nashinda nae, namuona anavyolamba ule mguu mchana kutwa na anavyozunguka mara tatu nne kutafuta jinsi ya kulala isiyouma. Tulibishana sana juu ya ile karatasi, ila ndo ilitufanya tuongee, bila hivyo kila mtu angebaki na lake moyoni.

Kitu ambacho karatasi haikwambii, dokta alituambia kwa mdomo: mfupa ulioliwa na saratani unaweza kuvunjika kwa kukanyaga vibaya tu. Alama zinaweza kuwa nzuri leo, usiku mguu ukakatika, na hapo utampumzisha kwa dharura, anapiga kelele, kwa dokta ambae hamjui. Kwahiyo msisubiri mpaka aache kula. Hilo lilinikaa, tukapanga siku wakati bado anakula na bado anamfokea paka.

Siku yenyewe walikuja wawili, dokta na msaidizi wake, nguo za kawaida, hakuna koti jeupe, wakakaa chini sakafuni na kumwacha Bobi awafuate mwenyewe awanuse. Kabla ya kugusa chochote dokta akanambia, "Dada, nikueleze kila kitakachotokea ili kisikushtue." Akaeleza: sindano ya kwanza ni ya kumlaza tu na inauma kidogo, macho hayatafumba, baada ya moyo kusimama anaweza kuvuta pumzi kubwa moja mbili au misuli ikacheza na mkojo ukatoka, na hayo yote yanatokea mnyama ameshaondoka, hasikii kitu.

Na kweli. Ya kwanza alishtuka akageuka kuangalia paja lake, basi, baada ya kama dakika kumi anakoroma kama alivyokuwa anakoroma siku zote. Wakamnyoa kipande kidogo cha manyoya mguuni wakaweka kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, dokta akaniuliza kama niko tayari au nataka muda, nikataka muda, wakatoka nje wote wawili bila kuangalia saa. Dawa ya pili inaitwa pentobabitali, ni jamii ya dawa za usingizi ila kwa dozi kubwa sana, ubongo unazima kwanza ndo pumzi inafuata alafu moyo. Haikufika dakika mbili. Akaweka stetoskopu kifuani muda mrefu mpaka nikaona anachelewa, kumbe ndo inavyotakiwa, hawakisii. Ile pumzi kubwa ilikuja, na kama tusingeambiwa mwanangu angepiga ukelele kwamba Bobi kaamka.

Kuhusu mtoto, dokta alitushauri tusimwambie Bobi amelala au amesafiri, tumwambie amekufa, maana ukimwambia amelala ataogopa kulala yeye. Walimwacha na paka aje anuse, akanusa sikio akaenda zake jikoni, hana habari yule.

Sasa malalamiko. Kwanza fomu ya ridhaa na malipo vililetwa pale pale, mi natoka machozi nasaini nisichokisoma, hivi vingeisha siku ya maongezi. Pili tulitaka Bobi achomwe peke yake turudishiwe majivu, hakuna aliyetwambia inachukua muda gani, tukawa tunapiga simu tunarushwa huku na kule mpaka aibu. (Kama we unataka kuzika, ujue ile dawa inabaki mwilini, shimo liwe refu kweli kweli, mbwa wengine au ndege wakifukua wakala nao wanaweza kufa. Hili msaidizi alilisema akiwa mlangoni anaondoka, wakati ni kitu cha kusemwa mwanzo kabisa.) Tatu, na hii ndo iliniudhi kuliko zote, baada ya yote hayo simu inalia, meseji ya kliniki hiyo hiyo: "Habari! Muda wa chanjo ya Bobi umefika." Nkt. Nilipopiga waliomba radhi vizuri tu, wakasema mfumo unatuma wenyewe, sawa, lakini mfumo si una mtu?

Nawapa nyota nne kwa tano. Dokta na msaidizi wake peke yao ningewapa tano bila kufikiri, na paka akifika huko nitawaita wao wao. Ukiwapigia, uliza mambo matatu kabla hawajaja: fomu na malipo viishe mapema, majivu yanarudi lini, na nani anafuta jina la mnyama kwenye orodha ya chanjo.