Blanketi la farasi la baridi: kasoro iko kwenye mshono wa mgongoni

Nianze na mshono, maana ndio ulioniudhi. Blanketi hili la nje, linalouzwa kwa ahadi kwamba halipitishi maji kabisa, limeshonwa kwa vipande viwili vinavyokutana katikati ya mgongo. Mshono unaanzia juu ya mabega, pale shingo inapoishia, unafuata uti wa mgongo mpaka kwenye mkia. Yaani matundu ya sindano yamepangwa mahali hasa ambapo mvua inatua na theluji inalala mpaka iyeyuke. Kitambaa chenyewe sina ugomvi nacho. Kwa ndani wamebandika utepe mwembamba wa kuziba mshono, na utepe huo ulianza kubanduka kabla baridi haijafika hata katikati ya msimu.

Kwa nje huoni kitu. Maji yanateleza, blanketi linang'aa. Pitisha kiganja chini yake, kutoka mabegani kuelekea kiunoni, ndipo utakapokutana na mstari wa unyevu wenye upana wa vidole vitatu, manyoya yamelala yakashikana, na ngozi iliyo chini yake imepoa. Mbavuni pakavu, mgongoni maji.

Anayeona hilo ni dogo hajajua farasi anavyojikinga. Manyoya ya msimu wa baridi husimama na kushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayomtunzia joto. Farasi mkavu, mwenye manyoya yake kamili, hustahimili mpaka kama nyuzi 8 chini ya sifuri za Selsiasi kabla mwili haujaanza kutumia nguvu za ziada kujipasha moto. Akilowa, nyuzi 15 juu ya sifuri tayari zinatosha kumgharimu. Blanketi huyalaza manyoya kwa uzito wake, kwa hiyo unapomvika umemvua kinga yake ukaahidi kumpa nyingine. Likivuja, amekosa zote mbili. Heri angeachwa bila kitu, akapewa kibanda cha kukinga upepo na nyasi kavu kwa wingi, maana zikichachuka tumboni ndizo zinazompa joto la ndani. Tena ngozi inayoshinda na unyevu ndiyo inayomkaribisha bakteria Dermatophilus congolensis: magamba yanajitokeza kwenye mstari uleule wa mgongo, ukiyabandua yanang'oka na kishungi cha manyoya.

Niliwaandikia waliouza. Jibu lao lilikuwa fupi: umelifua vibaya. Hawakuuliza limefuliwa mara ngapi wala kwa sabuni gani. Blanketi lilikuwa halijafuliwa hata mara moja! Tope liliachwa likauke, likapigwa brashi, basi. Kwamba maji ya moto na sabuni kali huondoa dawa ya kuzuia maji, na kwamba mashine ya kukaushia huharibu utepe, hayo ni mambo ya kwanza kabisa ambayo mwenye farasi hufundishwa. Kumtupia mteja lawama bila hata kuomba picha ya mshono ni dharau, na mpaka leo inanichoma.

Hata hivyo siwezi kuficha kwamba aliyekata mabega ya blanketi hili anamjua farasi. Mikunjo ya begani imewekwa mbele vya kutosha, mguu unanyooka bila kuvuta kifua, na baada ya wiki nyingi hakuna manyoya yaliyosagika. Hilo ni nadra. Bizimu za kifuani zinafunguka mtu akiwa amevaa glavu nene. Mikanda ya tumboni ukiipishanisha inakaa palepale, ikiacha nafasi ya kiganja kimoja. Mikanda ya miguu ya nyuma nayo haisogei, mradi upitishe mmoja ndani ya mwingine na kulabu zitazame ndani, zisije zikanasa kwenye waya. Wakati wa kuvua, anza na miguu, kisha tumbo, kifua kiwe cha mwisho. Ukianza na kifua farasi akashtuka, blanketi linarudi nyuma na kumzonga miguu.

Kwa ajili ya mabega hayo nilikuwa tayari kulisamehe. Mshono unatengenezeka: lioshe kwa maji baridi na sabuni laini, likauke kabisa kivulini, bandua utepe wote wa zamani, usibakize hata kipande, kisha paka gundi ya kuziba mishono kwa ndani, tabaka mbili nyembamba, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Tandika juu ya boriti, weka karatasi kavu chini ya mshono, mwagia maji ya mpira dakika tano, halafu itazame karatasi. Langu sasa halivuji.

Lakini kila nikitazama ile gundi hasira inanirudia. Kwa nini mnunuzi amalizie kazi ya kiwanda, huku farasi akiwa ameshalowa? Nilitaka kutoa nyota tatu, natoa mbili. Mahali penye baridi kavu na theluji nyepesi, lichukue, kwa sababu ya mabega. Penye mvua, hapana, hata likipunguzwa bei. Tafuta lenye mgongo wa kipande kimoja, na kabla hujalipa lipindue, ukwaruze ncha ya utepe kwa ukucha. Ikinyanyuka, liache palepale.