Uzoefu wangu: klachi iliyokuwa ikitetema kwenye Hilux ya zamani, na kazi niliyofanyiwa Kizota

Pikapu ninayoizungumzia ni Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, ile ya cc 2,779, ya gia za mkono, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yake kubwa ni kubeba kreti za zabibu kutoka Hombolo kuja mjini Dodoma, na msimu wa zabibu ukipita inabeba magunia ya mahindi na alizeti kutoka upande wa Kibaigwa. Injini haijawahi kunisumbua. Kilichonichosha ni klachi: kila nilipoachia pedali ili niondoke, gari zima lilitetemeka kwa nguvu kuanzia pale klachi inapoanza kushika hadi inapokamata yote, kisha likatulia na kwenda vizuri tu. Kwenye gia ya kurudi nyuma, au nikiondokea mlimani huku nimebeba mzigo, mtetemo ulikuwa mkali kiasi cha kreti kugongana nyuma.

Nieleze mapema kwamba hiyo si klachi inayoteleza. Inayoteleza utaijua kwa injini kupanda mlio huku gari haliongezi mwendo. Ya kwangu ilikuwa inakamata, ila inakamata na kuachia kwa haraka mfululizo. Mafundi wengi ukiwaeleza lolote kati ya hayo mawili jibu lao ni moja tu, badilisha pleti (sahani ya klachi inayokamata), na ndivyo nilivyofanyiwa mara ya kwanza na fundi mmoja wa karibu na nyumbani, ambaye aliweka pleti mpya ya bei nafuu juu ya vyuma vya zamani. Hali ilitulia kwa muda mfupi, halafu mtetemo ukarudi vilevile.

Gereji ya pili, iliyoko Kizota, nilielekezwa na dereva mwenzangu wa kubeba mizigo. Kilichonifanya nimwamini fundi wa pale ni kwamba hakuanza kwa kufungua gia boksi. Alifungua boneti, akamweka kijana wake kwenye usukani, akamwambia avute handbreki, aweke gia ya pili na aachie klachi kidogo kidogo bila kuzima injini, huku yeye akiangalia jinsi injini inavyonyanyuka kwenye mauntingi zake, yaani mipira inayoishikilia. Kisha akaingia chini na mtalimbo, akasukuma mauntingi ya gia boksi, akatikisa krosi za propela shafti na kukagua bushi za springi za nyuma. "Mama," akaniambia, "mauntingi ikiwa imekufa, hata tukikuwekea klachi ya dhahabu itatetema tu, na hela yako itakuwa imeliwa bure." Mauntingi moja ya injini ilikuwa imechanika mpira, ikabadilishwa siku hiyohiyo. Mtetemo ulipungua kidogo, lakini haukuisha, na hapo ndipo tulipokubaliana gia boksi ishushwe.

Iliposhushwa niliitwa nikaangalie, jambo ambalo ningependa kila gereji ilifanye. Ndani ya nyumba ya klachi, sehemu ya chini, kulikuwa na tope jeusi la vumbi la pleti lililochanganyika na oili. Fundi alichukua kidogo kwa kidole akanusa, akanipa na mimi ninuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa ambayo haipotei kirahisi, na hii haikuwa nayo. Ilikuwa oili ya injini, maana yake iliyokuwa ikivuja ni sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia oili ya injini isitoke, na si sili ya mbele ya gia boksi. Pleti ile mpya ya juzi ilikuwa imelowa upande mmoja, na uso wake umekuwa laini wa kung'aa. Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo pleti hukamata, kulikuwa na madoa ya rangi ya bluu, mengine yakiwa na nyufa nyembamba kama unywele ambazo ukipitisha ukucha unazisikia.

Madoa hayo ndiyo kiini cha jambo zima. Chuma kikipata joto kupita kiasi sehemu moja, hubadilika na kuwa kigumu kuliko sehemu zinazokizunguka, na mahali hapo hunyanyuka kidogo kila kinapopata moto. Pleti ikipita juu yake inashika kwa nguvu isiyo sawa katika kila mzunguko, na gari linatetemeka. Ndiyo maana pleti mpya peke yake haikusaidia, na ndiyo maana msasa, ambao mafundi wengi huupitisha juu juu wakaita kazi imekwisha, hauondoi kitu zaidi ya ule mng'ao. Flaiwili yangu ilipelekwa kwa wachongaji wa vyuma ikasawazishwa hadi madoa yakaisha, kwa malipo ya shilingi 40,000. Kama ningelazimika kuchagua sehemu mbili tu za kazi hii za kulipia, ningelipia hiyo pamoja na sili.

Vipuri nilinunua mwenyewe. Nilichukua seti ya klachi ya Exedy, yenye pleti, presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti) na rilizi beringi (inayoiachilia ukikanyaga pedali), kwa shilingi 380,000, na pailoti beringi, ile ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya gia boksi, nikaiongeza kando kwa sababu haikuwemo kwenye boksi. Nilikwenda dukani na pleti ya zamani mkononi, kwa kuwa Hilux za miaka hiyo hazina saizi moja ya klachi. Muuzaji alipima upana na kuhesabu meno ya katikati kabla ya kunipa mzigo. Boksi zuri halithibitishi kitu, kwa hiyo niliikagua pleti kwa ubavuni. Kati ya nyuso zake mbili kunapaswa kuwa na bati jembamba la mawimbi linalobonyea kidogo ili klachi ishike polepole. Ile ya bei nafuu niliyotolewa ilikuwa imebanwa bapa kabisa, bila bonyeo lolote.

Kwenye ufungaji nilikaa na kutazama. Presha pleti mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, nayo ilisafishwa kwa dawa ya kusafishia breki pamoja na uso wa flaiwili, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuvishika kwa mikono yenye grisi. Sili mpya ya krenki haikusukumwa hadi mwisho. Fundi aliiacha nje kidogo ili mdomo wake usikae kwenye mfereji uliochimbwa na ile ya zamani. Meno ya shafti ya gia boksi yalipakwa grisi nyembamba sana na iliyozidi ikafutwa. Pleti iliwekwa katikati kwa kutumia kipande cha shafti ya gia boksi iliyokufa, na bolti zikakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo. Gia boksi ilibebwa na jeki muda wote hadi ilipofungwa, kwa sababu ikiachwa ining'inie kwenye shafti inapinda pleti mpya, na mtetemo unaanza upya kabla gari halijatoka gereji.

Malalamiko ninayo mawili. Kazi iliyoahidiwa kwisha jioni ililala, kwa kuwa sili haikupatikana mjini ikabidi iagizwe Dar es Salaam kwa basi, na hilo lingeweza kujulikana kwa simu moja kabla gari halijafunguliwa. Pili, bolti za flaiwili zilianza kukazwa kwa kukisia hadi nilipouliza habari ya toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ikaenda kuazimwa gereji ya jirani. Gereji inayopokea 120,000 kwa ufundi wa klachi ingekuwa na ya kwake.

Niliambiwa kilomita 500 za kwanza nisibebe mzigo mzito wala kuondokea gia ya pili, nami nikalizungusha gari mjini tu, Majengo, Area C na Nkuhungu. Sasa linaondoka taratibu hata likiwa na mzigo kamili kwenye mwinuko, na kurudi nyuma hakutikisi kitu. Pedali imekuwa nzito kidogo kuliko zamani. Masika, gari likilala nje kwenye mvua siku kadhaa, mara mbili tatu za kwanza za kuondoka kuna kutetema kidogo, ambako fundi alisema ni ukungu wa kutu juu ya flaiwili, na kweli kunaisha kabla sijafika barabara ya lami. Chini ya nyumba ya klachi kuna kitundu kidogo cha kutolea majimaji. Huwa nakipangusa kwa kitambaa cheupe kila ninapobadilisha oili, na hadi sasa kitambaa kinatoka na vumbi tu.