Steshenari ya karibu na Mnara wa Saa, Moshi: fomu ya kura ya London siku ya Muungano

Mwezi Aprili 2022 nilikuwa Moshi nikimuuguza mama, huku Newham, manispaa ya mashariki mwa London ninakoishi, ikijiandaa kuchagua madiwani na meya tarehe 5 Mei. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura huko, nasi Watanzania tumo. Karatasi za kura kwa njia ya posta zisingewahi kufika Moshi na kurudi, kwa hiyo nililazimika kumteua binamu yangu aende kituoni kunipigia kura. Maombi ya aina hiyo yalipaswa kupokelewa kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe 26 Aprili kwa saa za London, ambayo kwetu ni saa moja jioni, na siku yenyewe ni Sikukuu ya Muungano. Kuchelewa kulikuwa kwangu. Pilikapilika za hospitali zilinila siku.

Nilipita maduka matatu yaliyofungwa ndipo nikaikuta steshenari hii nyembamba, yenye mashine ya fotokopi mlangoni na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Dada aliyenihudumia alikuwa amefunga, kwani ilikuwa Ramadhani, lakini hakuonyesha haraka ya kuniondoa. Nilimweleza kwamba fomu ni ya kumteua wakala.

“Wakala wa chama gani, mama?” akauliza.

Swali lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu kwetu wakala ni yule anayekaa kituoni kulinda kura za chama chake. Nilipomfafanulia kwamba huyu wangu ataweka alama kwenye karatasi kwa niaba yangu, alicheka, akatazama kidole chake kana kwamba anautafuta wino, kisha akaivuta fomu na kuanza kuisoma mstari kwa mstari.

Hapo ndipo huduma yake ilipozidi ile niliyoizoea mjini. Nilikuwa nimetia saini kwa kalamu ya bluu, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umevuka kisanduku. Alinionyesha maelekezo yanayotaka wino mweusi na saini iliyo ndani ya mstari, akaichapa upya kurasa ile bila kunitoza, akanipa kalamu na kunishauri nijaribu kwanza kwenye karatasi chakavu. Wengine wangeiskani ilivyo na kupokea hela, na saini ndiyo maofisa wa uchaguzi wanayoitazama kwa makini.

Kasoro zipo. Umeme ulikatika mvua ilipoanza, nasi tukakaa gizani dakika zaidi ya arobaini, kwa kuwa duka halina jenereta wala betri ya kuibeba hata kompyuta moja. Fomu yangu iliondoka saa kumi na mbili na robo, mapigo ya moyo yakiwa juu. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: kwenye kioo cha kompyuta niliona vyeti, wasifu na pasipoti za wateja wengine, kila faili likiwa na jina la mwenyewe, na yeyote aliyesimama kaunta angeweza kuyasoma. Nilipoomba langu lifutwe, alilifuta na kumwaga pia kikapu cha taka, lakini ya wenzangu yalibaki palepale.

Kuchapa kulikuwa shilingi 200 kwa kurasa na kuskani 1,000, bei za kawaida za mjini wakati huo.

Binamu alipewa karatasi mbili, ya madiwani na ya meya, ile ya meya ikiwa na safu ya chaguo la kwanza na la pili. Chama cha Labour kilipata viti 64 kati ya 66 na Green viwili, na kwa kuwa mwaka 2018 Labour ilivizoa vyote 60, sidhani kama kura yangu ilimnyima mtu usingizi.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoa nakala za vyeti vya mama. Dada akaniuliza kwa sauti ya chini, “Yule wako alishinda?” Nikamwambia kura ni siri. Akahesabu nakala zangu nne, akazibana kwa pini, akanidai shilingi 400.