Laptopu imewaka, kifundo hakijanitoka

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika nikitumai hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hivyo wacha niseme.

Sikuja kulalamikia mtumba. Kitu kilichotumika kina mambo yake, hilo nalijua, na pesa za mpya sina. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku Likoni, Mombasa. Ninacholalamikia ni neno nililoambiwa mbele za watu: "Umeimwagia maji."

Laptopu niliinunua duka moja upande wa Digo Road, shilingi 18,000, na risiti imeandikwa waranti ya miezi mitatu. Hata wiki sita haikumaliza. Asubuhi moja nabonyeza swichi, taa inawaka, feni inavuma kidogo, kioo cheusi ti, halafu mlio: piii, piii, piii. Kimya. Narudia, vile vile. Na humo ndani mna hesabu zote za chama, nani kalipa na nani ana deni, na mgao ni Jumapili.

Nikaifunga ndani ya leso nikavuka feri. Yule kijana wa kaunta hakuifungua. Bisibisi hakuigusa kabisa. Aliiwasha mara moja, akaigeuza juu chini, akainusa, ndiyo, akainusa, kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni: "Mama, umeimwagia maji. Bodi imekufa. Waranti haihusu maji. Lete elfu sita na mia tano."

Nikamwambia, "Mwanangu, laptopu hii haijaona hata tone." Akamtazama mwenzake, akacheka. "Wote husema hivyo."

Wateja walikuwa wamejaa pale. Nimelea watoto watatu, na katika umri wangu huu sijawahi kufanywa mwongo mbele ya watu nisiowajua. Mikono ilinitetemeka hata leso nikashindwa kuifunga, mama mmoja akanifungia. Ndiye aliyenielekeza kwa fundi Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale.

Fundi ni ami wa makamo. Alichonifanyia kwanza ni kunisikiliza, nikamweleza yote mpaka mwisho. Kisha akaiwasha akainama kuhesabu mlio. "Hii yasema, mwanangu. Kila kampuni ina hesabu yake, lakini mlio kama huu na kioo cheusi, mimi huanzia kwenye ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta."

Akachomoa chaja, akatoa betri, akaishikilia swichi kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha skrubu mbili za chini, kifuniko, na ramu hiyo hapo, kibamba cha urefu wa kidole. Akanionyesha kwenye mwanga wa mlangoni. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefanya utando mweusi. Maji yangeacha alama, akasema, na hapa hapana alama. "Ni hewa yetu hii ya chumvi."

Akachukua raba nyeupe, ile ya watoto ya kufutia penseli, akayasugua meno polepole upande huu na upande ule, akapangusa kwa brashi. Akaichomeka kwa mshazari, akailaza mpaka vibanio viwili vikalia: tak. Akairudisha betri, akabonyeza swichi.

Ikawaka. Machozi yalinitoka na sioni haya kusema.

Tarehe ilionyesha mwaka 2012. Ami akauliza kama tovuti huwa zinanikatalia. Zinakataa mno! Kila betri ikiisha chaji kabisa, siku ya pili naambiwa muunganisho si salama, na mimi nikilaumu bando. Kumbe kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, huangalia tarehe za vyeti vinavyothibitisha tovuti, na saa ikiwa ya miaka ya nyuma hakiviamini. Akabadilisha kibetri cha duara kama sarafu, cha volti 3, kinachoishikilia saa wakati laptopu haina umeme. Kazi yote shilingi 700.

Haki ya Mungu, laptopu yenyewe ni nzuri. Nyepesi, vibonye laini, inafungua hesabu zangu bila kusuasua. Kwa bei ile nilishaanza kuandika hapa kwamba duka lile lina vitu vizuri, nendeni tu mkague vyema kabla ya kulipa. Nimefuta. Kwa sababu nilirudi siku ile ile, laptopu mkononi inawaka, nikamweleza yule kijana wa kaunta habari ya ramu na raba. Hata macho hakuinua kwenye simu yake. "Si imewaka, mama? Sasa wataka nini?"

Nilitaka aseme samahani. Pesa sikumdai, ijapokuwa zile 700 zilikuwa haki yangu ndani ya waranti. Angelisema samahani, leo ningewaambia muende. Hakusema, na mimi siwapeleki.

Jumapili mgao ulifanyika, hesabu zikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Mwenzetu mmoja akaniuliza nimeinunua wapi, naye anataka kama hii. Duka sikumtajia. Nilimwelekeza Kibokoni, nikamwambia amuombe ami afuatane naye siku ya kununua, na aifungue pale pale kaunta kabla hajalipa.