Mashine ya kutoa chumvi ya chini ya sinki: soma cheti kabla ya kulipa

Kwa maji ya bomba, mashine hizi za utando (husukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi) zinazouzwa Mombasa zafaa. Kwa kisima cha chumvi cha Kisauni au Likoni, cheti pekee hakitoshi. Kipimo cha Marekani cha kutoa cheti hicho, NSF/ANSI 58, hutumia maji yenye miligramu 750 za chumvi kwa lita, nyuzi joto 25, presha ya psi 50. Tangi lililoinuliwa mita 5 halifikishi hata psi 8, kwa hivyo dai pampu. Chumvi ya kisima ikizidi ile ya kipimo, maji matamu hupungua. Taarifa ya ISO 14034 ya 2016, kiwango cha kimataifa cha kuhakiki teknolojia za mazingira, naipenda zaidi: mhakiki huru huandika utendaji pamoja na hali ya jaribio. Muuzaji akileta ukurasa wa kwanza tu, dai kurasa zote.